Njia ya Damu: Kutoka Kilifi hadi Kisumu

Mtaalamu wa maabara alidondosha tone moja la damu juu ya kioo, akaongeza tone la sodiamu metabisulfiti, kemikali inayoondoa oksijeni, akafunika kwa kijioo chembamba na kuziba kingo zake kwa rangi ya kucha ili hewa isipenye. "Sasa tusubiri, mwalimu," akasema. "Kama kuna kitu kitajionyesha chenyewe."

Hiyo ilikuwa hospitali moja ya pwani ya Kenya, asubuhi ya joto la kabla ya mvua. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa naanza safari niliyoitamani tangu nilipoanza kufundisha biolojia: kutoka Kilifi hadi Kisumu, kutoka baharini hadi ziwani, nikifuata jeni moja tu. Wapo wanaosafiri kutazama magofu, wapo wanaosafiri kutazama simba. Mimi nilitaka kupita mahali ambapo wanasayansi walitambua kwamba malaria imeacha alama yake ndani ya damu ya watu, vizazi kwa vizazi. Wanafunzi wangu ni watoto wa pwani. Jeni ninayowachorea ubaoni baadhi yao wanayo mwilini, na wanastahili mwalimu aliyekwenda kuiona.

Tulipokuwa tukisubiri, mwenyeji wangu alinionyesha mrija wa damu uliosimama wima tangu alfajiri. Damu iliyotiwa dawa ya kuzuia isigande, ikiachwa itulie, hujitenga. Juu hubaki majimaji ya manjano, yaani plazma, ambayo ni zaidi ya nusu ya ujazo na sehemu yake kubwa ni maji. Chini hutuama chembe nyekundu. Katikati hukaa utando mweupe, mwembamba sana, wa chembe nyeupe na chembe sahani. Mtu akitaka kusoma jeni kutoka kwenye damu huzitafuta ndani ya utando ule, maana chembe nyekundu ya binadamu ikishakomaa haina kiini. Imekitupa ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini. Umbo lake ni kama kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole juu na chini, na ulaini wake ndio unaotuweka hai, kwa sababu kuna mishipa myembamba kuliko chembe yenyewe, na haina budi kujikunja ili ipite. Huishi hivyo siku 120 hivi, kisha huvunjwa.

Nilipoinamia hadubini, kitumbua kilikuwa kimetoweka katika sehemu kubwa ya kioo. Chembe zilikuwa zimerefuka na kupinda, ncha zimechongoka, mundu kabisa. Nilikaa nikaiangalia moja iliyokuwa bado ya mviringo mpaka nayo ikaanza kukunjamana ukingoni. Oksijeni ilikuwa imekwisha chini ya kile kijioo, na himoglobini ndani yake ilikuwa inashikana na kujipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazousukuma utando wa chembe kutoka ndani. Hayo hayo hutokea katika vidole vya mtoto mdogo, katika mifupa, katika mapafu, katika ubongo. Chembe ngumu hukwama, damu haipiti, na maumivu yanayofuata ni makali kiasi kwamba watu wazima walioyazoea tangu utotoni hulia. Chembe zenyewe hufa baada ya siku 10 hadi 20 tu, na uboho haufui dafu kuzifidia.

Ugonjwa huu huitwa selimundu, na chanzo cha yote hayo ni herufi moja. Jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini iitwayo beta iko kwenye kromosomu ya 11. Mahali palipotakiwa kuwa na herufi A pamekaa T. Kwa hiyo katika mnyororo wa amino asidi 146, ile ya sita inabadilika: panapostahili kuwa na asidi ya glutamiki panakuwa na valini. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa hutembea tofauti na ya kawaida ikiwekwa kwenye mkondo wa umeme, na kwamba mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu ana aina zote mbili. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alibainisha amino asidi yenyewe iliyobadilika. Kipimo cha umeme bado kinatumika. Hiki cha kioo na rangi ya kucha kinasema tu kwamba jeni ipo. Hakisemi kama ni moja, na mtu huyo ni mbebaji mwenye afya, au ni mbili, na huyo ni mgonjwa.

Chumba cha pili kilikuwa cha kuotesha bakteria, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Damu ya watoto waliolazwa na homa hutiwa kwenye chupa zenye chakula cha vijidudu, kisha hutunzwa kwa joto la mwili. Damu ya mtu mwenye afya haitakiwi kuota chochote. Chupa moja ilikuwa imeota. Mwenyeji wangu alipaka tone lake kwenye kioo, akalikausha, akaanza kulitia rangi kwa utaratibu ambao haujabadilika sana tangu Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alipoubuni Berlin mwaka 1884: kwanza rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha spiriti ya kuosha, mwisho rangi nyekundu ya safranini. Bakteria wenye ukuta mnene huing'ang'ania zambarau hata spiriti ikipita. Wenye ukuta mwembamba huiachia, wakabaki na wekundu wa waridi wa rangi ya mwisho. Gram mwenyewe alikuwa akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia.

Niliona vidoadoa vya zambarau, viwili viwili, kila kimoja kimechongoka kidogo upande mmoja. "Hao wanatembea jozi," mwenyeji wangu alisema, akanionyesha sahani ya jana yake yenye damu ya kondoo, ambapo kila kijikundi cha bakteria kilizungukwa na duara la ukijani. Kikaratasi cha dawa ya optokini kilichowekwa juu ya sahani hiyo kilikuwa kimezungukwa na uwazi ambamo hakuna kilichoota. Zambarau, jozi, ukijani, optokini: kwa dalili hizo nne aliweza kuandika Streptococcus pneumoniae kwenye fomu na kumpigia simu daktari wa wodi.

Kwa mtoto wa selimundu jina hilo lina uzito wa pekee. Bakteria huyu huvaa ganda la sukari linalomsaidia kuponyoka kinga ya mwili, na kiungo chenye kazi kubwa ya kumchuja kutoka kwenye damu ni bandama. Chembe za mundu huziba mishipa ya bandama na kuiua mapema, mara nyingi kabla mtoto hajafikisha miaka mitano. Watafiti wa Kilifi, katika mpango wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome Trust ulioanza pale mwaka 1989, walichapisha mwaka 2009 hesabu za watoto wa selimundu waliokutwa na bakteria kwenye damu: asilimia 41 ya maambukizi hayo yalikuwa ya huyu mmoja. Wakati mwingine hupenya hadi kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Maji hayo yakiwa salama, huwezi kuyatofautisha na maji ya kunywa. Yakitoka na ukungu, kila mtu katika wodi huongeza mwendo.

Dawa ya kumzuia bakteria huyu ni ya zamani na ya bei nafuu. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1986 lilionyesha kwamba penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hupunguza maambukizi haya kwa watoto wadogo wa selimundu kwa asilimia 84. Chanjo nayo ipo, Kenya iliianza mwaka 2011. Lakini humpi mtoto penisilini ya kila siku kama hujui kwamba ana selimundu, na hujui mpaka mtu achukue tone la damu ya kisigino chake akiwa mchanga. Makadirio ya watafiti ni kwamba nusu au zaidi ya watoto wa Afrika wanaozaliwa na ugonjwa huu hufa kabla ya miaka 5 wasipotambuliwa. Sioni jambo lolote katika somo ninalofundisha ambamo pengo kati ya kinachojulikana na kinachotendwa ni kubwa kuliko hapa.

Kutoka Kilifi matatu ilipita mashamba ya mkonge ya Vipingo, Mtwapa, Nyali, ikanishusha Mombasa. Nilizunguka Mji wa Kale jioni. Jeni hii ilipanda majahazi pia. Oman leo ina wabebaji wengi wa selimundu, na ukisoma herufi zinazoizunguka kwenye kromosomu unakuta sehemu ya jeni hizo ina alama zile zile za Afrika Mashariki na ya Kati, karibu na nyingine zenye alama za Uarabuni na India. Nasaba ambazo watu walizificha au walizisahau zimebaki humo.

Treni ya Nairobi iliondoka asubuhi. Kufika Mariakani minazi ilikuwa imekwisha, kufika Taru nchi imekauka, na Tsavo udongo mwekundu ulikuwa umewapaka tembo. Nilikuwa na kitabu mapajani lakini kazi yangu ilikuwa kuangalia dirishani, kwa sababu mwaka 1949 kijana mmoja alisafiri nchi hii akichukua damu za watu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Gilgil, katika Bonde la Ufa. Alikuwa anasomea udaktari Oxford, akaja na msafara wa chuo hicho uliokuwa unakwenda Mlima Kenya. Alitaka kulinganisha makundi ya damu ya jamii mbalimbali, na kwa sampuli zile zile akapima selimundu.

Alichokipata hakikufuata ukoo wala lugha. Pwani, wabebaji walizidi asilimia 20. Karibu na Ziwa Viktoria, vivyo hivyo. Kati ya sehemu hizo mbili, kwenye nyanda za juu na nchi kavu, hawakufika hata asilimia 1. Wagiriama wa pwani na Wakikuyu wa mlimani lugha zao ni za Kibantu, lakini damu zao zilitofautiana. Wajaluo wa ziwani lugha yao ni ya jamii nyingine kabisa, na damu yao ilifanana na ya watu wa pwani walio mamia ya kilomita mbali. Allison alifikiri kuhusu kitu kinachoziunganisha pwani na ziwa na kukosekana huko katikati, akaona ni malaria. Kwa mtu aliyelelewa na hadithi za makabila na damu zao, kama nilivyolelewa mimi, ramani hiyo inabomoa mengi. Mbu hakuuliza mtu kabila.

Nairobi nilikuta baridi na manyunyu. Mwaka 1953 Allison alirudi kupima wazo lake, na sehemu ya kazi aliifanya katika mji huu. Wanaume 30 wa Kijaluo walijitolea, 15 wenye jeni moja ya selimundu na 15 wasio nayo, wakaambukizwa malaria makusudi na kufuatiliwa. Kati ya wasio nayo, 14 waliota vimelea kwenye damu. Kati ya wabebaji, ni 2 tu. Kule Uganda alipima watoto 290 na kukuta vimelea kwa asilimia 28 hivi ya wabebaji, dhidi ya asilimia 46 hivi ya wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na tangu hapo vitabu vya biolojia duniani kote huyatumia kueleza uteuzi asilia kwa binadamu. Wale wanaume hutajwa kwa idadi. Walitibiwa, lakini kuambukizwa malaria ni jambo zito, na naona kila mwalimu anayelitaja jaribio lile anapaswa kuwataja wao kwanza kabla ya kumtaja mtafiti.

Basi la Kisumu liliondoka alfajiri. Baada ya Limuru bonde lilifunguka upande wa kushoto, tukateremka kuelekea Naivasha, tukapita Gilgil, Nakuru, tukapanda tena hadi Mau Summit ambako madirisha yalifungwa yote. Abiria wa pembeni yangu, mama wa makamo aliyekuwa anarudi Kericho, aliniuliza naenda wapi na kwa shughuli gani. Nilipomweleza alitikisa kichwa. "Sisi malaria tunaichukua tukienda huko chini, mwalimu. Inatutesa kuliko wenyewe."

Alisema kweli, na sababu yake ni joto. Mbu jike wa Anopheles akinyonya damu yenye vimelea vya Plasmodium falciparum, vimelea huhitaji siku kadhaa kukomaa tumboni mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzijoto 18 hivi, haviwahi, mbu hufa kwanza. Kericho iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Malaria hupanda huko miaka ya joto na mvua nyingi, na ikipanda huwaua hata watu wazima kwa sababu miili yao haijaizoea. Lakini si ugonjwa wa kila mwaka, kizazi baada ya kizazi.

Hapo ndipo hesabu ya jeni inapoeleweka. Penye malaria ya kudumu, mtoto asiye na jeni hii anaweza kufa kwa malaria. Mwenye jeni mbili anaweza kufa kwa selimundu. Mwenye moja amekingwa dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90, kama utafiti wa Kilifi ulivyoonyesha, na damu yake hufanya kazi vizuri. Huyo ndiye anayefikia umri wa kuzaa kwa urahisi zaidi, na nusu ya watoto wake, kwa wastani, hurithi jeni hiyo. Penye baridi faida hiyo haipo, kuna hasara tu, na jeni hupungua hadi karibu kutoweka. Nilikuwa nimepita nchi nzima ya hasara tangu Voi. Baada ya Kericho mashamba ya chai yalianza kuteremka, masikio yakaziba, watu wakaanza kuvua majaketi, na Awasi nikafungua dirisha. Ahero mpunga ulikuwa umesimama majini pande zote mbili za barabara. Ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, na tambarare ya Kano ni joto, maji na mbu.

Kisumu nilikwenda Dunga kuangalia wavuvi kati ya mafunjo, nikala samaki, nikalala chini ya chandarua. Kulipokucha nilihudhuria kliniki moja ya selimundu, kwa ruhusa ya sista aliyeiongoza. Akina mama walijaza mabenchi na watoto wenye macho ya manjano kidogo, maana chembe zinazovunjika haraka huacha rangi hiyo kwenye damu. Mama mmoja kutoka Nyando alikuwa na binti wa miezi tisa aliyevimba vidole vya mikono na miguu. Hiyo huwa ndiyo dalili ya kwanza, na huchelewa hadi miezi ya kati ya mwaka wa kwanza kwa sababu mtoto mchanga bado anatumia himoglobini ya tumboni mwa mama, ambayo haina kosa hilo.

Kaka yake binti huyo alikuwa amekwisha kufa. Nyumbani kwa mume walisema ni chira, kuna mwiko ulivunjwa. Wengine walisema ugonjwa umetoka kwa ukoo wa mama. Sista alivuta kiti akaketi mbele yake. "Mama, nisikilize. Mtoto hawezi kuugua mpaka apewe moja na wewe na nyingine na baba. Hakuna mtoto wa selimundu aliyerithi kwa mzazi mmoja." Alimwambia vilevile kwamba hakuna aliyefanya kosa lolote, na kwamba jeni hiyo hiyo ikiwa moja ndiyo iliyowavusha mabibi zake mpaka yeye akazaliwa. Nilimwona mama yule akimwangalia sista kwa muda, kisha akaomba simu.

Mtoto aliandikiwa penisilini, asidi ya foliki, na hydroxyurea. Hii ya mwisho huuamsha mwili urudie kutengeneza himoglobini ile ya kabla ya kuzaliwa. Jaribio lililofanyika Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi na kuchapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba huwapunguzia watoto vipindi vya maumivu kwa zaidi ya nusu, na hata malaria ilipungua. Uingereza na Marekani ziliidhinisha mwishoni mwa 2023 tiba inayohariri jeni za uboho kwa lengo hilo hilo, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Naifurahia sayansi hiyo kwa dhati. Ila kwenye benchi lile kulikuwa na mama aliyekosa nauli ya kurudi kuchukua vidonge vya mwezi ujao, na ningependa nchi zetu zianze na yeye.

Baba alifika karibu saa sita, na vumbi la pikipiki mabegani. Alitolewa damu bila kusema neno. Jibu lilipokuja, jeni moja, kama ya mkewe, aliuliza swali ambalo wanafunzi wangu huliuliza pia: kwa kuwa wawili wameshaugua, si wawili watakaofuata watakuwa wazima?

"Hapana, baba," sista alisema. "Kila mimba inaanza hesabu upya. Robo anaugua, nusu wanabeba, robo hana kabisa. Mimba haijui aliyetangulia."

Alikaa akiyapima maneno hayo. Kisha akauliza kama kipimo kile kinafanywa kila siku au siku ya kliniki tu, kwa sababu ana wadogo zake watatu, na mmoja wao anaoa Desemba. Sista alimwambia ni kila siku ya kazi, asubuhi, waje na vitambulisho, na mchumba aje naye.